Nyota za Muuzaji Si Kinga ya Mnunuzi

Miongoni mwa watu wanaonunua stempu, sarafu, kadi, saini za watu mashuhuri na vitu vingine vya kale vinavyotafutwa kwa uadimu wake, imejengeka imani ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikawa kama kanuni isiyodai ushahidi. Imani hiyo inasema kwamba mnada wa mtandaoni, yaani mauzo ambayo wanunuzi hushindana kutaja bei kupitia intaneti mpaka muda uliowekwa uishe, ni salama kwa yeyote anayetimiza masharti matatu: achague muuzaji mwenye alama za juu za sifa, adai cheti cha uhalisi, na alipe kupitia jukwaa linaloahidi kurejesha fedha. Aliyetimiza hayo huambiwa kwamba hana la kuhofia, na aliyedanganywa huhesabiwa kuwa alipuuza mojawapo.

Makala haya yanaipinga imani hiyo, si kwa sababu masharti yake ni mabaya, bali kwa sababu yanajibu swali ambalo si swali kuu. Nyota na dhamana huhusu mwenendo wa muuzaji na usalama wa malipo, na cheti, kama kinavyopokelewa na wengi, huhesabiwa kuwa nyongeza ya uaminifu huohuo. Kitu chenyewe kinachouzwa husahauliwa, ilhali mkusanyaji hanunui tabia njema ya mtu bali ananunua kipande cha karatasi au cha madini ambacho tofauti ndogo ya wino, uzito au herufi moja inaweza kukipandisha thamani mara mia au kukiondolea thamani yote. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba usalama huanza kabla ya dau la kwanza, dau likiwa ni bei anayoitaja mshindani katika mnada, nao huanza katika yale ambayo mnunuzi anayajua kuhusu kitu. Kinga nyingine zote hupata nguvu kutokana na ujuzi huo, na bila ujuzi huo hubaki jina tu.

Inafaa kuanza na alama za sifa, kwa kuwa ndizo zinazotegemewa zaidi. Jukwaa la eBay, lililoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, liliwawezesha wanunuzi na wauzaji kuanzia mwaka 1996 kuandikiana maoni mazuri, ya kati au mabaya baada ya biashara, ili watu wasiojuana wapate msingi wa kuaminiana. Ulikuwa uvumbuzi wenye manufaa makubwa, na bila huo biashara ya namna hii isingekua. Hata hivyo watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walipochunguza miamala ya eBay ya mwaka 1999, walikuta kwamba takriban asilimia 99 ya maoni yaliyotolewa na wanunuzi yalikuwa mazuri, na mtihani ambao karibu kila mtahiniwa anaufaulu hauwezi kumtenga mjuzi na asiyejua. Sehemu ya sababu ilikuwa hofu ya kulipiziwa kisasi, kwani muuzaji aliyelaumiwa aliweza naye kumlaumu mnunuzi, na ndiyo maana mwaka 2008 eBay iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwaandikia wanunuzi maoni mabaya.

Lakini kasoro iliyo nzito zaidi haitokani na woga, bali inatokana na kutojua. Mnunuzi huandika maoni yake siku chache baada ya kupokea mzigo, akieleza kwamba bahasha ilifungwa vizuri, kwamba kitu kilifanana na picha na kwamba kilifika kwa wakati. Aliyeuziwa stempu ya kughushi bila kuitambua huandika hayohayo, na kwa moyo mweupe. Kwa hiyo kila udanganyifu uliofanikiwa humwongezea mdanganyifu sifa, na ule ulioshindwa peke yake ndio unaomharibia. Nyota elfu moja zilizotolewa na wanunuzi wasioweza kutenganisha halisi na bandia zinathibitisha kwamba vitu elfu moja vilifika, wala hazithibitishi kwamba hata kimoja kilikuwa halisi.

Hili si dhana tupu, kwa maana limejaribiwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Resnick, Zeckhauser na wenzao walimtumia muuzaji wa muda mrefu wa kadi za posta za zamani kuuza kadi zinazolingana, baadhi kwa jina lake lenye sifa na nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia, wakaona kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina lenye sifa. Sifa, basi, ina bei. Mwaka huohuo Ginger Zhe Jin na Andrew Kato walichapisha utafiti ambao ndani yake walinunua kupitia eBay kadi za wachezaji wa besiboli zilizokuwa hazijapangwa daraja, kisha wakazipeleka kwa wataalamu wanaopima ubora wa kadi. Waligundua kwamba wauzaji wenye sifa nzuri hawakuwa wepesi wa kutapeli waziwazi, kwa mfano kwa kuchukua fedha bila kutuma mzigo, lakini biashara ilipokamilika, kadi zao hazikuwa bora kuliko za wengine, na wanunuzi waliolipa zaidi kwa sababu muuzaji alidai kadi yake ni ya daraja la juu kabisa hawakupata ubora uliolingana na dai hilo. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa hukumu iliyo wazi: mnunuzi hulipia sifa, na anachopata ni uhakika wa kupokea kitu, si uhakika wa kitu chenyewe.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana vizuri katika vitu vya Afrika Mashariki vinavyopita kila siku katika minada ya mtandaoni. Mwaka 1895, kabla Zanzibar haijapata stempu zake za picha ya Sultani, stempu za India ya Malkia Victoria zilipigwa neno «Zanzibar» kwa wino katika kiwanda cha uchapaji cha kisiwani, na kazi hiyo, ambayo huitwa chapa ya juu kwa kuwa huwekwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, ilifanywa kwa herufi za kupanga kwa mkono, hata baadhi zikatoka na makosa kama «Zanzidar». Stempu ya India isiyo na chapa hiyo ni ya kawaida na bei yake ni ndogo. Ikiwa na chapa hupanda, na ikiwa na kosa la herufi hupanda mno. Mghushi hahitaji kutengeneza stempu, kwani karatasi, rangi, matundu ya pembeni na alama ya maji vyote ni halisi; anachoongeza ni neno moja. Ndivyo ilivyo pia kwa stempu za Kijerumani zilizopigwa «G.R. MAFIA» baada ya Waingereza kuiteka Mafia mapema mwaka 1915, ambazo zinajulikana kwa wingi wa nakala za kughushi. Picha inayoonyesha stempu nzuri na muuzaji mwenye nyota tano haisemi lolote juu ya neno hilo moja, na anayeweza kulisema ni yule aliyelinganisha umbo la herufi, nafasi kati yake na jinsi wino ulivyokaa juu ya muhuri wa posta au chini yake.

Mfano mwingine ni stempu za thamani kubwa za Kenya na Uganda zilizotolewa kuanzia mwaka 1922 zikiwa na picha ya Mfalme George wa Tano, ambazo mfululizo wake ulifika pauni 100. Thamani hizo zilitumika zaidi kulipia ushuru wa hati kuliko kutuma barua, kwa hiyo nakala nyingi zilizobaki zina alama za kalamu au mihuri ya ofisi za serikali, na wakusanyaji huzithamini chini sana kuliko zilizopita posta. Hapo ndipo mafundi wa ulaghai hufuta wino wa kalamu kwa kemikali, hupaka gundi mpya nyuma ili stempu ionekane haijatumika, au hupiga juu yake muhuri wa posta wa uongo. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, aliyerithi albamu ya mzee wake na anayeieleza kama alivyoikuta, na bado mnunuzi akapoteza fedha zake zote. Imani inayopingwa hapa haina jibu kwa hali hiyo, kwa sababu imedhani kwamba hatari ni uovu wa mtu, ilhali mara nyingi hatari ni ujinga wa watu wawili wanaokutana kwa nia njema.

Kuna hata hali ambayo hakuna bandia, na kosa likatokea vilevile. Sarafu kubwa ya fedha ya Maria Theresa, iliyozunguka Ethiopia, Arabuni na Zanzibar katika karne ya 19, ina mwaka 1780 juu yake, lakini mwaka huo ndio aliofariki malkia huyo, na sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule, Vienna na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, hata ndani ya karne ya 20. Tangazo linalosema «sarafu ya fedha ya mwaka 1780» linanakili tu maandishi yaliyo juu ya sarafu, na uzito wa gramu 28.07 pamoja na fedha ya sehemu 833 kwa 1,000 vitakuwa sahihi. Kinachotofautisha toleo la zamani na la juzi ni mambo kama idadi ya lulu katika bruchi ya malkia, umbo la mbawa za tai na maandishi ya ukingoni. Anayelipa bei ya karne mbili kwa sarafu ya miaka michache hana wa kumshitaki, kwani hakuna aliyemdanganya ila kutojua kwake.

Watetezi wa imani hiyo watajibu kwamba cheti cha uhalisi kimewekwa kwa ajili ya hali kama hizo. Jibu hilo linasahau kwamba cheti nacho ni karatasi, na karatasi hughushiwa kwa urahisi kuliko kitu inachokitetea. Katika uchunguzi wa Marekani uliojulikana kama Operation Bullpen, ambao shirika la upelelezi la FBI liliuendesha mwishoni mwa miaka ya 1990, ilibainika kwamba mtandao wa waghushi ulikuwa ukitengeneza saini za wanamichezo na watu mashuhuri pamoja na vyeti vya kuzithibitisha, na miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ulikuwemo mpira wa besiboli wenye saini iliyodaiwa kuwa ya Mama Teresa. Cheti hakikuwa kinga dhidi ya biashara hiyo. Kilikuwa sehemu yake. Kampuni za kupanga daraja la sarafu kama PCGS na NGC, zilizoanzishwa katika miaka ya 1980, hufunga sarafu ndani ya kasha la plastiki lenye namba, na waghushi wameiga makasha hayo pia, wakichapa juu yake namba halisi ya sarafu nyingine ili anayeitafuta namba hiyo aikute katika orodha.

Haifuati kwamba cheti hakina maana. Kinachofuata ni kwamba cheti kina maana kwa anayejua kukihoji. Kinapaswa kutolewa na mtu au taasisi isiyofaidika na mauzo, kiwe na picha ya kitu kilekile ili tundu la ukingoni au mkwaruzo ulinganishwe, na kiweze kuthibitishwa kwa mtoaji mwenyewe bila kupitia kwa muuzaji. Kamati ya wataalamu wa Royal Philatelic Society London, iliyoanza kazi mwaka 1894, hutoa vyeti vya namna hiyo kwa stempu, na rai yake ina uzito kwa sababu huisema hata inapomwumiza mwenye stempu. Cheti kilichoandikwa na muuzaji kuhusu mali yake mwenyewe ni tangazo la biashara lililopewa jina lingine.

Ngome ya mwisho ya imani hiyo ni dhamana ya kurejeshewa fedha. Dhamana hiyo ni ya kweli na imewaokoa wengi ambao mzigo wao haukufika au ulifika umevunjika, lakini imewekewa muda, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa siku, ilhali kuthibitisha kwamba stempu imeghushiwa huchukua wiki au miezi, hasa kwa mnunuzi wa Mombasa au Tanga anayelazimika kuituma London na kungoja majibu. Nyumba za mnada zenye desturi ya zamani zinalijua tatizo hilo, na baadhi humruhusu mnunuzi kuomba, kabla ya kununua, muda wa nyongeza ili kitu kichunguzwe na wataalamu. Asiyejua kwamba kuna haja ya uchunguzi hawezi kuomba muda huo, na hapo tena kinga inamtegemea mwenye maarifa. Sheria nayo haikukaa upande wa asiyejua. Katika kesi ya kampuni ya vito ya Tiffany dhidi ya eBay, mahakama ya rufani ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba kwa jukwaa kujua kijumla kuwa baadhi ya bidhaa zake ni bandia hakutoshi kulitia hatiani, maadamu huliondoa tangazo mahususi linapoarifiwa. Anayeshawishiwa na muuzaji kulipa nje ya jukwaa, kwa kumtumia fedha moja kwa moja kwa simu au kwa wakala ili «kuepuka makato», huipoteza hata dhamana hiyo ndogo, na huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sambamba na masharti hayo matatu hutembea dhana nyingine, kwamba bei iliyofikiwa na washindani wengi haiwezi kudanganya, kwa sababu haiwezekani wote wakose. Mwaka 2000 wakili mmoja wa California aliweka eBay mchoro uliokuwa na herufi na tarakimu za kuashiria mchoraji Richard Diebenkorn, na dau likapanda hadi dola 135,805 kabla jukwaa halijaufuta mnada huo baada ya kugundulika kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa ametoa dau. Ilikuja kufahamika kwamba alama hiyo aliiweka yeye, na kwamba yeye na wenzake walikuwa wakitumia majina mengi ya kubuni kupandishiana bei. Wawili kati yao walikiri makosa mahakamani mwaka 2001. Huo ndio unaoitwa ushindani wa kupandikizwa, ambao mshindani hana nia ya kununua bali ya kumsukuma mwingine.

Hata pasipo hila, bei ya mnada haina hekima inayodhaniwa. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza jambo ambalo baadaye liliitwa laana ya mshindi: pale ambapo hakuna anayejua thamani kamili ya kitu, anayeshinda mnada huwa ni yule aliyeikadiria juu kuliko wote, na kwa hiyo ndiye aliye karibu zaidi na kulipa kupita kiasi. Nao Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti wa mwaka 2002, walionyesha kwamba katika minada inayofungwa kwa saa maalumu wengi hutoa dau dakika za mwisho, na kwamba tabia hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika vitu vya kale kuliko katika kompyuta, maelezo yao mojawapo yakiwa kwamba mjuzi akitoa dau mapema huwafunulia wengine kwamba kitu hicho ni cha thamani. Maana yake kwa mnunuzi mgeni ni nzito: bei anayoiona ikipanda kwa siku kadhaa mara nyingi ni sauti ya wasiojua wenzake, kwani wanaojua wamenyamaza wakisubiri. Kinga pekee ni kuamua bei ya mwisho kabla ya mnada, ikijumuisha komisheni ambayo nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi juu ya dau lake, usafirishaji, bima, na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, kisha kutoipita bei hiyo hata kwa shilingi moja. Lakini bei hiyo haiwezi kuwekwa na asiyejua kitu hicho kimewahi kuuzwa kwa kiasi gani.

Lipo pia suala ambalo imani inayotawala hailigusi kabisa, nalo ni haki ya umiliki. Vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimamisha kwa kuwaenzi wazee waliofariki, vimeibwa kwa miaka mingi na kuuzwa Ulaya na Marekani kama sanaa, na baadhi vimerejeshwa Kenya baada ya kutambuliwa katika makumbusho ya Marekani. Muuzaji wa kigango anaweza kuwa na nyota zote, na kitu chenyewe kikawa halisi pasipo shaka, na bado mnunuzi akawa amenunua mali ya ukoo ambao haukuiuza. Hapo uhalisi wenyewe ndio ushahidi wa kosa, na swali la kuulizwa ni historia ya umiliki: kitu kilitoka kwa nani, lini, na kwa hati gani. Pembe za ndovu nazo, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kupitia mkataba wa CITES kuanzia mwaka 1990, zinaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani hata akiwa amelipa kwa njia iliyo salama kabisa.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa heshima ni kwamba hoja hii inawafungia mlango watu wa kawaida, kwa kuwa si kila mpenzi wa sarafu anaweza kuwa mtaalamu. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maarifa yanayodaiwa yangekuwa ya vitu vyote, lakini yanayodaiwa ni ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayetaka sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora wakati vita vilipoikata koloni ya Kijerumani na Ulaya, hahitaji kujua sarafu za dunia. Anahitaji kujua kwamba uzito wake ni takriban gramu 7.17 na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, kwamba kuna aina mbili za pambo lake, na kwamba nakala za kughushi zipo, kisha amwombe muuzaji picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Ombi hilo halihitaji shahada, na muuzaji anayelikataa amejibu. Mtandao uleule unaouza bandia una orodha ya bure kama Numista, una kumbukumbu za bei za minada iliyopita, na umewaunganisha wanachama wa East Africa Study Circle, chama cha wakusanyaji wa stempu za eneo hili. Anayemfungia mlango mtu wa kawaida ni yule anayemwambia kwamba nyota zinatosha, kwa sababu humpeleka mnadani bila silaha huku akimwaminisha kwamba ameshika ngao.

Kwa hiyo miongozo ya wanunuzi inapaswa kuandikwa upya kwa mpangilio mwingine. La kwanza liwe kitu: kisomwe, kilinganishwe, bei zake za nyuma zitazamwe na alama za kughushiwa kwake zijulikane. La pili liwe historia yake na ushahidi wa mtu asiye na maslahi. La tatu liwe kikomo cha bei kilichoandikwa kabla ya joto la ushindani, na mwisho kabisa, baada ya yote hayo, zitazamwe nyota za muuzaji, kwa kazi moja tu zinayoiweza, ambayo ni kukadiria kama mzigo utafika. Asiyekuwa tayari kufuata mpangilio huo kwa kitu fulani ana njia moja iliyo salama kweli, nayo ni kutotoa dau, na mwongozo unaoficha njia hiyo unawahudumia wauzaji, hata kama umeandikwa kwa jina la wanunuzi.